Waandishi Wapya wa Hadithi za Kisayansi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasomaji wa Mwanza

Maswali haya yametoka kwa watu tunaosoma pamoja hapa Mwanza: wanafunzi wa Malimbe, walimu wa Ilemela, fundi simu wa mjini, na dada mmoja wa mwalo wa Kirumba ambaye husoma kwenye simu akisubiri mitumbwi irudi. Karibu wote walianza kwa namna moja: waliona filamu au walisoma kitabu kimoja kikawakosesha usingizi, kisha wakakwama. Nimsome nani sasa? Majibu yote hapa chini yanazunguka jambo moja ninaloliamini sana: waandishi wapya wanapatikana kwanza katika hadithi fupi, na anayewapata mapema kuliko wote ni mhariri. Mjue mhariri mzuri, naye atakupeleka kwa waandishi kumi.

Hadithi za kisayansi ni zipi hasa?

Ni hadithi zinazojengwa juu ya swali la "ingekuwaje kama". Mwandishi anabadilisha jambo moja katika dunia tunayoijua, jambo linaloweza kuelezwa kwa njia ya sayansi, kisha anafuatilia matokeo yake mpaka mwisho bila kumwonea haya mtu. Ingekuwaje kama maji yangekwisha? Ingekuwaje kama wageni wa sayari nyingine wangetua Lagos wakapita miji mikubwa ya Marekani bila kuiangalia? Waandishi wengi wa Afrika huweka mizimu na roboti katika ukurasa mmoja, na mimi sioni sababu ya kuwagombeza kwa hilo. Soma kwanza; mstari wa kutenganisha aina hizo utauchora baadaye ukitaka.

Sisi watu wa ziwa yanatuhusu nini hayo?

Yanatuhusu kuliko watu wengi. Watafiti wanaeleza kwamba Ziwa Victoria lilikauka, kisha likajaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Ndani ya muda huo, ambao kwa hesabu ya viumbe ni mfupi mno, samaki aina ya furu waligawanyika wakawa mamia ya aina: wa kula konokono, wa kula mwani, wa kula mayai ya wenzao. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara wakapandikizwa ziwani. Miongo michache baadaye aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka, na viwanda vya minofu vimejengwa Mwanza. Wazee wa visiwani bado wanaweza kukueleza samaki waliowala utotoni ambao leo hata jina lao halitajwi mnadani.

Mtu mmoja anabadilisha kitu kimoja, na vizazi vitatu baadaye dunia nyingine imezaliwa. Hivyo ndivyo riwaya ya kisayansi inavyotembea. Ndiyo maana nikimpata msomaji aliyekulia ufukweni, mapema sana humpa Children of Time ya Mwingereza Adrian Tchaikovsky, iliyotoka 2015 na kushinda Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2016. Humo jaribio la wanadamu katika sayari ya mbali linakwenda upande, na buibui ndio wanaojenga ustaarabu, kizazi baada ya kizazi. Anayejua habari za furu na sangara anaingia humo bila kuhitaji mkalimani.

Sijawahi kusoma aina hii. Nianze na riwaya gani?

Usianze na riwaya. Anza na hadithi fupi, na zaidi ya hapo anza na mkusanyiko wa waandishi mbalimbali. Riwaya moja ya kurasa mia tano inakula mwezi wako mzima, na ikikushinda utasema aina yote haikufai. Mkusanyiko wenye hadithi nane unakukutanisha na waandishi wanane kwa muda wa safari chache za kivuko cha Kamanga. Ukimchoka mmoja unaruka. Ukimpenda mmoja unaandika jina lake, na huo ndio mwanzo wa orodha yako mwenyewe.

Nikiambiwa nitaje mkusanyiko mmoja tu, nitataja Africanfuturism: An Anthology wa mwaka 2020. Mhariri wake ni Wole Talabi, mhandisi na mwandishi wa Nigeria, na ulioutoa ni mtandao wa fasihi wa Brittle Paper, bure kabisa. Una hadithi nane. Wamo Nnedi Okorafor na T. L. Huchu wa Zimbabwe, yumo Tlotlo Tsamaase wa Botswana, na wamo majirani zetu wawili wa Uganda, Dilman Dila na Derek Lubangakene. Faili lake ni jepesi, halimalizi bando, na linasomeka kwenye simu ya kawaida.

Baada ya huo, tafuta AfroSF wa 2012, uliohaririwa na Ivor Hartmann wa Zimbabwe. Ndani yake yumo Tade Thompson. Miaka saba baadaye, mwaka 2019, Thompson alishinda Tuzo ya Clarke kwa riwaya yake Rosewater na dunia nzima ikaanza kumtaja. Aliyekuwa akimfuata Hartmann alikuwa amemjua zamani. Mfano huu nauthamini sana kwa sababu unaonyesha kazi ya mhariri ni nini: anasoma lundo ambalo wewe na mimi hatutaliona kamwe, na anachagua kabla kelele hazijaanza.

Hadithi fupi za bure napata wapi?

Kuna majarida ya mtandaoni ambayo hayadai shilingi. Omenana lilianzishwa mwaka 2014 na Mazi Nwonwu na Chinelo Onwualu, na linachapisha waandishi wa Afrika na wenye asili ya Afrika. Hapo ndipo utamkuta mtu kabla hajawa na kitabu. Kundi la waandishi la Jalada, lenye mizizi Nairobi, lilitoa mwaka 2015 toleo zima la Afrika ya siku zijazo, na bado linafaa kutafutwa.

Kwa dunia pana zaidi kuna Strange Horizons, ambalo lipo tangu 2000, Clarkesworld tangu 2006, Lightspeed tangu 2010 na Uncanny tangu 2014. Kila moja lina ladha yake. Clarkesworld hupenda sayansi na hutafsiri sana kutoka China na Korea. Strange Horizons huwafungulia mlango waandishi ambao ndio kwanza wanaanza. Uncanny lina lugha tamu na hisia nyingi. Usijaribu kuyafuata yote. Chagua moja, soma matoleo yake matatu mfululizo, utajua kama mhariri wake na wewe mnapenda vitu vya aina moja. Kama hampatani, hamia kwa mwingine.

Na kama macho yamechoka, Clarkesworld husoma hadithi zake kwa sauti, na kuna kipindi cha Escape Pod kilichoanza 2005 ambacho kazi yake ni kusoma hadithi za kisayansi. Pakua ukiwa kwenye waifai, sikiliza ndani ya daladala ya Buhongwa wakati wa foleni.

Tuzo zinasaidia kweli, au ni majina makubwa tu?

Zinasaidia mno, ukijua anayechagua ni nani.

Hugo, iliyoanza 1953, hupigiwa kura na wanachama wa kongamano la dunia la wapenzi wa aina hii. Inakuonyesha kitabu kilichopendwa na wasomaji. N. K. Jemisin aliipata kwa riwaya miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Nebula huchaguliwa na waandishi wenyewe, kwa hiyo mara nyingi huangukia kazi yenye ufundi. Tuzo ya Arthur C. Clarke ya Uingereza ina jopo la majaji na hutoa orodha fupi ya riwaya sita, na hiyo ndiyo ninayoiamini zaidi kwa kukutana na mtu nisiyemtarajia. Lauren Beukes wa Afrika Kusini aliishinda 2011 kwa Zoo City. Namwali Serpell wa Zambia aliishinda 2020 kwa The Old Drift, riwaya inayoanzia kwenye maporomoko ya Victoria, ikapita ujenzi wa bwawa la Kariba, mpaka siku ambazo bado hatujazifikia.

Tuzo za Nommo ni za kwetu Waafrika. Hutolewa na jumuiya ya waandishi wa Afrika wa aina hii, na za kwanza zilitolewa 2017. Angalia jambo hili: Rosewater ilipata Nommo mwaka 2017 na Clarke mwaka 2019. Waafrika waliiona kwanza. Kwa hiyo orodha ya Nommo ya mwaka huu ichukue kama habari za miaka miwili mbele.

Na kama shabaha yako ni mwandishi mpya hasa, kuna Tuzo ya Astounding, inayotolewa sambamba na Hugo. Anayestahili ni yule ambaye kazi yake ya kwanza ya kulipwa imetoka ndani ya miaka miwili iliyopita. Tuzo hiyo, wakati huo ikiwa na jina jingine, ilimwendea Ted Chiang mwaka 1992, alipokuwa na hadithi za kuhesabika kwa vidole. Andy Weir wa The Martian aliipata 2016.

Siri moja: mshindi anajulikana na kila mtu, lakini utajiri uko kwenye orodha fupi. Waliokosa kwa kura chache ndio watakaokufaa.

Nipe majina machache ya Afrika niyaandike leo.

Nnedi Okorafor, Mmarekani wa wazazi wa Kinigeria. Kitabu chake Binti cha 2015 ni kifupi, kinasomeka jioni mbili, na kilishinda Hugo na Nebula. Msichana wa Kihimba anatoroka nyumbani usiku kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine, na chombo anachopanda ni kiumbe hai wa jamii ya kamba. Lakini kwa mtu wa Mwanza mimi naweka mbele Lagoon ya 2014. Inaanza chini ya maji, ndani ya kichwa cha samaki mwenye hasira na bomba la mafuta, na wageni wanatua baharini mbele ya Lagos. Mmoja wa wahusika wakuu ni mwanamke mwanasayansi wa viumbe vya majini. Jinsi mji unavyochanganyikiwa, kila mtu na lake, mchungaji huku, tapeli kule, mwanajeshi pale, utaona kama imeandikwa kuhusu mji unaoujua.

Tade Thompson. Rosewater ni mji wa Nigeria uliokua kuzunguka kuba la viumbe wageni. Kuba hufunguka mara moja kwa mwaka na wagonjwa hupona, wengine kwa namna ambayo wangetamani wasingepona. Thompson ni daktari wa magonjwa ya akili, na inaonekana katika namna anavyoandika watu. Mpangilio wake unarukaruka nyakati, kwa hiyo usikate tamaa katika sura tano za kwanza.

Dilman Dila wa Uganda, ambaye pia hutengeneza filamu. Mkusanyiko wake A Killing in the Sun ulitoka 2014, na Where Rivers Go to Die ukafuata 2023. Vijiji vyake, majirani wake, uganga na polisi wake tunavijua. Kwa maoni yangu hatajwi vya kutosha upande huu wa ziwa.

Tlotlo Tsamaase wa Botswana ana Womb City ya 2024, ya giza na hasira, kuhusu miili ya wanawake na serikali inayoilinda mno. Haifai kwa mtoto.

Wole Talabi mwenyewe, yule mhariri, ana mkusanyiko wa Convergence Problems wa 2024. Mhandisi anaandika mashine kwa heshima.

Je, kwa Kiswahili hakuna?

Hapa huwa nachelewa, nivumilie. Ukiuliza riwaya za Kiswahili zenye vyombo vya angani na kompyuta, rafu ni fupi na ni haki kusema hivyo. Ukiuliza riwaya zinazojenga dunia nyingine ili kuipima hii ya kwetu, tumekuwa nazo tangu zamani. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, na nchi yake iko angani. Wajumbe wanatumwa pande zote za ulimwengu kutafuta maarifa, wanarudi nayo, wanatupwa gerezani. Msome tena ukiwa mtu mzima, nje ya mtihani wa shule, ukijiuliza "ingekuwaje kama" kila sura.

Katama Mkangi wa Kenya alitoa Walenisi mwaka 1995. Mtu anahukumiwa, anafungiwa katika chombo cha kurushwa angani afie huko, na badala ya kufa anafika nchi inayoendeshwa kwa usawa. Ndiyo riwaya ya Kiswahili iliyo karibu zaidi na hadithi za kisayansi kwa maana ya kawaida, na inasikitisha jinsi vijana wengi wa Tanzania wasivyoijua.

Halafu yuko mtu wa kwetu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kijiji cha Namagondo, Ukerewe, kisiwa unachokiendea kwa meli kutoka hapa mjini. Wengi wanamjua kwa Rosa Mistika ya 1971. Lakini Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991 ni vitabu vingine kabisa: vifupi, vigumu, vya ndoto, na katika Mzingile msafiri anatembea katika ulimwengu uliokwishabomoka baada ya maangamizi makubwa. Kuna wasomaji wa Ulaya wanaosoma waandishi wa Urusi na Poland wa namna hii na kuwaita mabingwa. Wa kwetu alitoka Ukerewe na aliandika kwa Kiswahili. Soma Mzingile polepole, kurasa chache kwa siku, na usome pamoja na mtu mwingine, kwa sababu utataka kubishana. Kezilahabi alifariki Januari 2020, nami sijachoka kumtafutia wasomaji.

Kwa hiyo kwa Kiswahili tunasubiri waandishi wapya, lakini mizizi ipo. Fuatilia matokeo ya Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili na ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Huko ndiko nitakakotafuta kwanza.

Ni kweli Ziwa Victoria limo katika riwaya ya kale ya Kifaransa?

Ni kweli. Riwaya ya kwanza ya Jules Verne, Five Weeks in a Balloon ya mwaka 1863, inawarusha watu watatu wa Uingereza kwa puto kutoka Zanzibar. Wanapita Kaze, yaani Tabora ya leo, wanafika juu ya ziwa letu, ambalo Verne analiita Ukereoue, wanalifuata kaskazini mpaka Nile, kisha wanaelekea magharibi hadi Senegal. Speke alikuwa ameliona ziwa kutoka upande wa Mwanza mwaka 1858, na Ulaya ilikuwa ikigombana kuhusu chanzo cha Nile. Verne hakuwahi kufika; aliyatoa hayo kwenye taarifa za wasafiri.

Kitabu ni cha bure kwenye mtandao wa Project Gutenberg. Nakuonya kwamba kinawasema Waafrika kwa dharau nzito ya wakati wake. Mimi bado napendekeza kisomwe, na baada yake mara moja asomwe mwandishi wa Afrika wa leo, ili uone jinsi kalamu ilivyobadilisha mikono.

Kiingereza changu ni cha kawaida. Nitaweza?

Utaweza ukichagua vizuri. Ted Chiang anaandika sentensi safi kama maji ya chupa, ingawa mawazo yake ni mazito. Story of Your Life ya 1998, ambayo filamu ya Arrival ya 2016 imetokana nayo, inamhusu mwanamke anayejifunza lugha ya viumbe wageni na kujikuta anabadilika jinsi anavyouona wakati. Sisi tunaoamka na Kisukuma, tunafanya biashara kwa Kiswahili na kujaza fomu kwa Kiingereza, tuna cha kusema juu ya hadithi hiyo. Becky Chambers naye ana lugha nyepesi na watu wema. Jaribu A Psalm for the Wild-Built ya 2021. All Systems Red ya Martha Wells, ya 2017, inasimuliwa na roboti mlinzi anayependa tamthilia kuliko kazi, na ni fupi.

Maneno ya kubuni hayamo katika kamusi yoyote, hata Mwingereza hayajui. Usisimame kwa kila neno. Soma kurasa kumi mbele, mengi yatajieleza.

Nimempenda mwandishi mmoja. Nitampataje anayefanana naye?

Fungua kurasa za mwisho za kitabu chake, pale anaposhukuru. Waandishi huwataja wenzao waliowasomea rasimu. Majina hayo matatu au manne yana uzito kuliko pendekezo lolote la mashine ya duka. Kisha angalia hadithi zake fupi zilitoka jarida gani, urudi kwa mhariri wa jarida hilo.

Kama kazi imetafsiriwa, mfuate mfasiri. Ken Liu alitafsiri The Three-Body Problem ya Liu Cixin wa China, na mwaka 2015 ikawa riwaya ya kwanza kutoka Asia kushinda Hugo. Wengi waliishia hapo. Lakini Ken Liu huyohuyo alihariri na kutafsiri Invisible Planets ya 2016, ambamo utamkuta Hao Jingfang na hadithi yake ya Beijing inayokunjwa kama karatasi ili matabaka matatu ya watu yapishane kutumia ardhi ileile. Hadithi hiyo ilishinda Hugo. Na Ken Liu mwenyewe ni mwandishi: The Paper Menagerie yake ya 2011 ilikuwa kazi ya kwanza kubeba Hugo, Nebula na World Fantasy kwa pamoja. Mtu mmoja, milango mitatu.

Vitabu vyenyewe navipataje nikiwa Mwanza?

Vya Kiswahili anza Maktaba ya Mkoa, uliza kwa jina la mwandishi. Ukikosa, wauzaji wa Dar es Salaam hukutumia kwa basi, unachukua kifurushi stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo. Agizeni watatu au wanne kwa pamoja, gharama ya usafirishaji mgawane.

Vya Kiingereza vya karatasi ni ghali na havijai madukani. Pitia wauza vitabu vya mtumba mara kwa mara. Vitabu vya Octavia Butler na Ursula Le Guin, wakongwe wawili wa Marekani katika aina hii, vikitokea usiviache. Vya simu ni nafuu zaidi. Maduka ya mtandaoni hutoa sampuli ya bure ya sura za mwanzo, na kwa mimi sampuli ndiyo mtihani wenyewe: ikiisha nikiwa natafuta kitufe cha kununua, nanunua. Kampuni kadhaa za simu zinakuwezesha kutengeneza kadi ya malipo ya mtandaoni kutoka kwenye pesa za simu, kwa hiyo huhitaji akaunti kubwa ya benki.

Kuna kundi la WhatsApp linagawa PDF za vitabu vipya. Nijiunge?

Hapana. Mwandishi wa Kampala au Gaborone anayeuza nakala chache huumia kwa kila nakala ya wizi. Vya bure halali vipo vingi kuliko utakavyovimaliza maisha yako yote.

Sipendi vita vya angani wala mahesabu.

Basi una bahati, kwa sababu nusu ya aina hii haina hayo. Parable of the Sower ya Octavia Butler, ya 1993, ni binti anayetembea barabarani na watu aliowaokota njiani, nchi ikiwa imevunjika. Filamu fupi ya Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya 2009, ni mwanamke, udongo na mche mmoja.

Mwanangu ana miaka kumi na mbili.

Zahrah the Windseeker ya Okorafor, ya 2005. Kompyuta huko huota kama mimea. Mkisome pamoja, yeye ukurasa mmoja na wewe mmoja.

Nitajuaje kama hadithi imeandikwa na mtu na si kompyuta?

Rudi kwa wahariri. Februari 2023 Clarkesworld lilisimamisha kupokea hadithi kwa muda kwa sababu lilifurika kazi za kompyuta zilizotumwa na watu waliotaka pesa ya haraka. Mhariri wake, Neil Clarke, alilisema hadharani. Jarida linalojali kiasi hicho cha kufunga mlango wake ndilo la kuamini. Vitabu vya bei ya bure vya mwandishi asiye na historia, asiye na hadithi jarida lolote, asiyehojiwa popote, mimi siviangalii.

Nikikichukia kitabu kilichosifiwa?

Kiache. Jaribu hadithi fupi moja ya mwandishi huyo kabla hujamfuta jina.

Tunataka kuanza kikundi cha kusoma mtaani kwetu. Tufanyeje?

Watu watano wanatosha. Someni hadithi fupi moja kwa wiki, ya bure, ili asiwepo wa kukosa kwa sababu ya pesa. Kiungo kitumwe Jumatatu, mkutane Jumamosi: ufukweni, kwenye baraza ya mtu, popote penye upepo. Kila wiki mtu mmoja ndiye achague, na lazima achague mwandishi ambaye kikundi hakijamsoma. Sharti hilo dogo ndilo litakalowapa majina mapya mwaka mzima. Asiyemaliza kusoma aje pia, asikilize. Mjadala uwe kwa Kiswahili hata kama hadithi ni ya Kiingereza. Hapo ndipo watu waliokaa kimya wanaanza kusema, na mara nyingi mama wa dagaa ana swali lililompita mhadhiri.

Mimi naandika. Nitume wapi?

Soma matoleo matatu ya jarida kabla ya kulipelekea kitu. Omenana hupokea kutoka Afrika kwa vipindi. Angalia tangazo lao. Usilipe mtu yeyote ada ya kusomewa hadithi. Majarida ya kweli katika fani hii ndiyo yanayomlipa mwandishi. Na kama unaandika kwa Kiswahili, kuhusu Nansio ya mwaka 2090 au daraja la Kigongo–Busisi baada ya maji kupanda, nitumie rasimu kwenye kikundi chetu. Tutaisoma Jumamosi inayofuata, neno kwa neno.